Mirathi ya Kilobaiti Ishirini

Taa ilikuwa kijani.
Muuguzi Mize Kombo aliniapia hivyo,
kidole juu, mlangoni mwa chumba cha chanjo, Wete,
nami nilimwamini, maana taa ile niliiandika mwenyewe:
waka, zima, waka, zima,
haijui kitu kingine, masikini,
hata friji ikichemka ubavuni pake.

Usiku ule umeme ulikatika saa saba.
Joto likapanda: nane, tisa, kumi na mbili.
Kifaa changu, mfano wa kibiriti,
kiliomba nafasi ya kuandika ujumbe,
baiti mia moja na sitini, si zaidi.
Kikajibiwa sifuri.
Sifuri si ukuta. Sifuri ni jibu.
Lakini mwandishi wa msimbo
(ni mimi, Biubwa Shaame, nina cheti ukutani)
hakukifundisha kutazama kilichorudi mkononi.
Kikapokea hewa,
kikaiandikia hewa barua,
kikaituma hewani,
kikaendelea kupepesa.

Asubuhi kina mama wa Kojani walikuwa wameshavuka,
watoto wamelala mabegani.
Mize akawaambia, rudini Jumatano.
Kisha akahesabu chupa sitini na nne ndani ya ndoo,
moja moja, bila kunitazama.

Siku tatu nilikaa sakafuni na waya.
Nilidhani nitaikuta kumbukumbu imejaa.
Haikujaa!
Nafasi ilikuwapo, kilobaiti sita nzima,
ila vipande vipande:
hapa baiti thelathini, pale tisini,
na katikati vijineno vya juzi
ambavyo hakuna aliyerudi kuviondoa.
Nikacheka peke yangu. Nikalikumbuka shamba la babu, Mtambwe:
mikarafuu arubaini na moja, warithi kumi na tisa,
kila mtu ana chake
na hakuna mwenye pa kujenga hata choo.

Basi nikalifuta neno "omba".
Kila kitu kigaiwe mapema, kabla kazi haijaanza,
kama sinia za hitima:
hii ya joto, hii ya saa, hii ya betri,
na atakayechelewa ashibe harufu.
Vipimo vikijaa, cha zamani kitoke;
joto la wiki jana sina haja nalo dakika kwa dakika,
wastani wake unanitosha.
Na zile baiti mia moja na sitini nikazitia kando
kama mama afungavyo noti ya elfu kumi penye pindo la kanga:
haiguswi kwa sukari, haiguswi kwa vocha,
ni ya gari la kwenda hospitali usiku.
Hizo ni za kusema tu: nimeshindwa, njooni.

Na taa?
Taa isiwake mpaka kila kiungo kiitikie.
Mmoja akinyamaza, vyote vizimwe, vianze upya.
Aibu ya sekunde mbili haijaua mtoto.

Juu kabisa ya msimbo nikaacha beti, kwa atakayenirithi.
Maelezo hayali kumbukumbu; kifaa hakiyaoni.

    Ukiomba ukanyimwa, sijifanye umepewa,
    Na joto likishapimwa, habari sije chelewa,
    Ya jana yaweza zimwa, ya hatari hutetewa,
    Kifaa kisicho kinywa, taa yake ni uzushi.

Mize hakuusoma ubeti.
Aliufungua mlango wa friji makusudi,
akauegemeza kiti, akatazama saa yake.
Dakika moja. Ya pili. Mimi nimeshika pumzi.
Ya nne, simu ikalia mfukoni mwake.
"Kimesema," alisema,
akachukua daftari lake la mistari
na kalamu iliyofungwa uzi,
akaandika kwa mkono, taratibu:
nane nukta mbili.