Hana Barua ya Mjumbe

Saa tano usiku, Mtoni, chumba cha seva nyuma ya maabara.
Feni inasukuma joto kutoka kona hii kwenda ile
kama karani anayehamisha faili asilotaka kulifungua.
Kompyuta thelathini na sita zimepangwa sakafuni,
bado zinanuka kontena,
na kila moja, ikiwashwa, husema neno moja tu kwenye waya:
hodi.

Haimwambii fulani. Inawaambia wote,
kama mtu anayegonga bati la uzio gizani
bila kujua mbwa yuko upande gani.
Seva inaitika: karibu, nani mwenzangu?
Jina hana. Anataja alama kumi na mbili
alizochanjwa kiwandani,
na seva inapekua daftari lake mstari kwa mstari,
kisha inaandika kiooni, bila chuki, bila haya:
HAIJULIKANI.

Mimi ndiye mjumbe wa nyumba kumi wa mtandao huu.
Bila barua yangu hakuna anayepewa chumba.
Mzee Mwakalukwa, aliyenifundisha kazi, alinionya:
“Usiikubali kila inayopiga hodi, Tunu.
Siku moja mtu atachomeka ya kwake, ya nyumbani,
yenye picha za harusi,
na wewe utaifuta ukidhani unaikaribisha.”
Maana ndivyo tukaribishavyo sisi:
tunafuta kwanza.
Diski inapigwa deki mpaka pembeni,
ndipo mgeni anapewa mfumo, jina na jembe,
siku ileile. Ya tatu hatuingoji.

Hizi mpya hazina cha kupoteza. Naziandika:
MAPOKEZI-04. MAABARA-02. DAWA-01.
Tatu nyembamba, zisizo na tundu la waya,
zinaazimana kiunganishi kimoja
kama ndugu wenye jozi moja ya viatu vya shule,
na seva, ikiviona viatu, inasema:
wewe nakujua, wewe ni MAPOKEZI-04,
ulishakula, nenda.
Nacheka peke yangu. Navifuta viatu daftarini,
mwenye miguu anaingia.

Saa saba na robo umeme unakatika, unarudi.
Hodi.
Nahesabu. Thelathini na sita zote zimo.
Huyu katoka wapi?
Nafuata waya kwa tochi ya simu, chini ya meza, nyuma ya kabati,
hadi chumba cha kadi za wajawazito.
Ni ya Bi Sikujua.
Nyeusi ileile, stika ya waridi kwenye kona,
herufi A imelika kwa miaka kumi na mmoja
ya kuandika akina Asha na Anamaria.
Wiki jana ilipelekwa Kariakoo, ikawekewa ubao mama mwingine.
Mwili uleule. Diski ileile. Alama mpya.
Na ubao mgeni, ukiamka, hauiulizi diski,
unauliza waya.

HAIJULIKANI.
Bonyeza kitufe kuendelea. Sekunde thelathini.

Mama yangu aliwahi kusimama dirisha la vitambulisho
na vidole vilivyoliwa na mafuta ya korosho,
misimu ishirini ya kubangua, Newala.
Akavibandika kwenye kioo, akavifuta kwa kanga, akavibandika tena.
“Mama, mfumo haukutambui,” kijana akasema.
“Hata mimi siutambui,” akajibu.
“Basi tuanze na salamu.”

Kumi na nne. Kumi na tatu.
Kidole kimoja tu, na mashine hii itakuwa safi,
yenye jina zuri la herufi kubwa,
na mtoto aliyezaliwa na kilo moja na robo
atakuwa hajazaliwa hapa.

Nakunja mikono.

Tatu. Mbili.
Hodi inanyamaza. Diski inakoroma, inageuka, inajikumbuka.
Asubuhi nitaandika alama mpya mbele ya jina la zamani,
kwa kalamu kwanza, kwenye daftari la mistari,
halafu ndiyo seva iambiwe.

Shikamoo, naiambia.
Haiitikii.
Inaomba nywila.