Kipengele cha Saba

Mimi ni karani. Huandika yaliyoamuliwa.
Siandiki kikohozi, wala mlango unavyolia,
wala mvua inayopiga mabati ya manispaa
siku ya arobaini na moja mfululizo.
Hapa Puerto Lemu, kusini mwa Chile,
viatu havikauki tangu Mei hadi Septemba.

Kipengele cha sita: kukodi jukwaa la sherehe. Kimepita.
Kipengele cha saba: fedha za kujikinga na moto.
Mtu akacheka. Kicheko sikukiandika.

Diwani Loncomilla alisimama, koti likichuruzika:
"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, sawa.
Tutie wapi tena?
Vichwa vyetu vimelowa tangu Aprili."

Na kweli tulikuwa tumewaona wenzetu wakinyolewa,
Februari ile, kwenye runinga, kule kaskazini:
kilima kizima kimekuwa kaa,
magari yameyeyuka yakiwa bado kwenye foleni.
Tulituma mablanketi. Tulituma viazi, magunia mia tatu.
Kisha tukarudi kuilalamikia mvua.

Nibaldo Ojeda wa zimamoto alipewa dakika tatu.
Zimamoto hapa ni kazi ya kujitolea;
mchana huuza misumari,
na mipira ya maji waliinunua kwa bahati nasibu
na kwa maandazi ya maboga ya kila Jumamosi.
Hakuleta hotuba. Alileta ramani na kidole.
"Hapa, kilima cha Las Quilas, kaya mia tisa na kumi.
Hapa mikaratusi ya kampuni, mstari kwa mstari,
hadi kwenye kamba za kuanikia nguo.
Hapa barabara."
Tukasubiri barabara ya pili.
Kidole hakikusogea.

"Januari," akasema, "kisima cha shule kilikauka siku kumi na tisa.
Nani aliliandika hilo?"
Niliitazama kalamu yangu.

Mweka hazina akapiga hesabu kwa sauti:
matangi manne, kufyeka miti mita hamsini, barabara ya pili,
peso milioni mia sita na arobaini.
Fataki za mwaka mpya, thelathini na nane.
Watu wanazipenda fataki, mtu akasema.
Ni kweli. Mwanangu huziba masikio na kucheka.

"Na huo moto usipokuja?" Meya akauliza.
"Mtakuwa na maji, mheshimiwa,
na mtanicheka. Nimezoea."

Ndipo Elcira Millapán,
ambaye kwa miaka miwili alikuwa amenyoosha mkono tu,
akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso
vijiko sita vilivyoshikana kuwa kimoja.
"Vya dada yangu. Mwenyewe yuko hai.
Kila siku ananiuliza vitatenganishwa vipi."
Vikazunguka meza, mkono kwa mkono.
Loncomilla alivishika muda mrefu kuliko wote,
kisha akapiga kura ya hapana.

Watano kwa watatu.
Matangi, ndiyo. Miti, mita ishirini,
na kampuni iombwe, isiamrishwe.
Barabara ifanyiwe upembuzi.
Upembuzi! Kupepeta mchele
ambao bado haujanunuliwa.

Nilirudi nyumbani Las Quilas
kwa barabara hiyo hiyo.
Nikawasha jiko la kuni, moto ukajikunyata ndani ya chuma
kama mbwa anayemjua mwenye nyumba.
Nikanakili: kimepita, pamoja na marekebisho.
Chini yake nikaongeza mstari ambao hakuna aliyeniagiza:
kisima cha shule, siku kumi na tisa.

Kisha nikatoka nje bila kofia.
Nikapapasa nywele. Zimelowa, ndiyo, zimelowa chepechepe.
Gizani mikaratusi ilikuwa ikidondosha maji,
karibu sana, karibu kuliko nilivyokumbuka,
ikinukia dawa ya kikohozi.