Jicho la Chura

Miaka tisa nimeweka akiba ya gari moja,
na uani kwa Dzombo, Changamwe, yamepangwa matatu,
pua zikielekea ukutani
kama watoto waliochelewa shule.
Subaru zote. Ukoo mmoja, injini zimelala chali,
pistoni zikitupiana ngumi ubavu kwa ubavu.
Vizazi ndivyo vinavyotofautiana. Nichague.

"Cha kwanza," asema Kuldip, aliyekuja na kiti chake,
"cha kwanza ndicho gari. Vingine ni wajukuu."
Sikatai. Chepesi kama sufuria tupu,
vioo vya milango havina fremu,
na gia inaingia kwa mlio wa kufuli la kale.
Lakini nilipoegemea mlango wa nyuma
kutu ilinibaki kiganjani, nyekundu,
hina isiyokoza.
Chumvi ya Kilindini haijali kombe la mtu.
Na vya umri wake haviji tena.
Mimi ndiye hugonga mihuri ya mizigo, najua:
kilichopita miaka minane hakishuki melini.
Tunagawana vilivyokwisha ingia,
tunavitia viraka, tunaviita adimu.

Binamu yangu Bwanakheri ataka cha tatu.
Kipana. Kiyoyozi cha kugandisha mate.
Nilipanda nacho Mazeras nikasahau kubadili gia,
malori yakarudi nyuma kama miti.
Nilitega sikio nisikie mngurumo
nikaambulia redio.

Cha pili hakuna aliyekitaja.
Macho mawili duara, yametumbuka,
chura aliyemulikwa kurunzi usiku wa mvua.
Kilipotoka watu walicheka,
hata waliokiunda wakaona haya,
miaka haikuwa mingi wakakibadili uso.
Wanaokipenda hujieleza kwanza,
kama mtu anayeoa kwao hawataki.

Jumamosi tatu, ufunguo mmoja mmoja,
Dzombo akiandika kilomita kwenye kiganja chake,
nilikwenda kwa mama, Mtongwe, kwa njia ya Dongo Kundu,
pale darajani upepo unapokupima mikono.
Nikarudi kwa feri. Kwenye ulimi wa feri, Likoni,
kidevu cha kile cha tatu kilikwaruza chuma
na abiria wote wakasema "uuuh" kwa niaba yangu.

Mama hajui farasi wangapi wamo ndani ya nini.
Ana magoti mabovu na mkoba wa kitambaa.
Cha kwanza alikaa, akashuka:
"Hili lanuka duka la mafuta ya taa."
Cha tatu:
"Mbona kimya hivi? Hadi nasikia meno yangu."

Cha pili aliingia kwa matako kwanza,
akavuta miguu mmoja mmoja, akapakata mkoba.
Nikawasha.
Dugu, dugu-dugu, dugu,
ile sauti isiyolingana, kama inayosahau kitu
na kukikumbuka njiani.
Tulikuwa hatujaondoka bado.
"Lakoroma kama babako," akasema.
"Babako akiwa na mafua."
Wala hakucheka.
Nilinyoosha mkono nizime, tuingie ndani, chai ilikuwa tayari.
Akanishika kifundo cha mkono.
"Liache kidogo."

Kuku walipita. Mtoto wa jirani
alikuja kujitazama katika jicho la gari, akatoa ulimi, akaenda.
Sindano ya joto ilifika katikati, ikatulia.
Chai ilipoa.

Leo nimerudi kwa Dzombo na orodha:
klachi yateleza, bushi za mbele zimekwisha,
mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini.
Nataka apunguze elfu themanini.
Bwanakheri ameudhika, yuko kwenye simu, hanitazami.
Kuldip ameinuka na kiti chake,
analizunguka lile jicho la chura taratibu
kama anayetafuta mlango wa kutokea.
"Katika yote haya," asema, "katika ukoo mzima.
Hebu nieleze, kwa nini hili?"

Namwambia: bei.