Herufi Peku

Barabara ya Nasser, saa tatu asubuhi.
Mashine ya mabango inakohoa kabla yangu.
Nawasha kompyuta, naiteua ile ile:
nene, imelalia mbele, haina viatu.

Zipo herufi za kanisa na za mahakama,
zenye visigino na kucha zilizopakwa rangi,
zinazosimama wima kama karani
anayengoja uelewe kwa nini faili halionekani.
Hii yangu ni peku.
Inapanda Nakasero na robota la mitumba mgongoni,
bega mbele, kisogo nyuma.
R yake hutupa mguu kama winga aliyechelewa mpira,
S imekunywa uji wa mtama ikashiba,
O ni yai lililosukumwa na upepo
likakataa kuvunjika.

Nimeiuza kila mahali.
Basi la usiku la Kitgum. Maji ya chupa.
Mahubiri ya siku tatu, uwanjani, bila kiingilio.
BEI IMEANGUKA, na neno lenyewe
karibu lianguke ubaoni.
Msimu wa uchaguzi niliwapa watu wawili
waliogombea kiti kimoja:
wakainama upande mmoja,
wakaahidi daraja moja.
Aliyeshindwa hajanilipa mpaka leo.
Aliyeshinda pia.

Bi Zaituni, mwenye duka, mtu wa Bombo,
alinifunza kazi kwa maneno machache:
ukitaka asome akikimbia, inamisha;
ukitaka aketi, simamisha.
Na hiyo nene usiipunguze sana,
wino utajaa tumboni, macho yatafumba.
Macho, ndivyo tunavyoyaita humu dukani
matundu ya a, ya e, ya o,
pale karatasi inapochungulia.

Jumatano, mvua, aliingia mama Amongin kutoka Soroti,
jina limeandikwa kwenye karatasi ya daftari.
Kijitabu cha mazishi, kurasa nne, nakala mia.
Nikamwekea ile nyembamba, ya visigino, wima,
kama tunavyowawekea marehemu wote.
Akatazama kioo.
"Huyu nani?"
"Mwanao, mama."
"Ekodeu hakusimama hivi hata siku moja.
Alisukuma baiskeli ya mkaa miaka tisa,
mpaka akinawa mikono ameinama,
akicheka ameinama.
Niwekee kama ile."
Akaonyesha dirisha, stika yangu ya juzi:
DAWA YA MENDE. HAWARUDI.

Sikujua nitazame wapi.

Fedha yake ilitosha karatasi ndogo tu,
na maneno yalikuwa mengi: shangazi, wajomba,
shule aliyoiacha, kwaya, wadogo zake sita.
Nikapunguza. Nikapunguza tena.
Nikalivuta jina karibu, nimwonyeshe kosa:
"Tazama, mama. Hii o, hii d, hii e,
yote yamefumba."
Akaweka kidole gumba juu ya kioo,
polepole, herufi moja baada ya nyingine,
kama mtu anayefanya kazi aliyokwisha kuifanya
mara moja wiki hii.
"Yaache," akasema.

Umeme ulikatika nakala ya sitini na moja.
Nikampa kiti, nikakipangusa kwa kanga ya Bi Zaituni.
Alingoja mlangoni, viatu mkononi
kwa sababu ya tope.
Hakutaka kuketi.