Kilo Kumi na Nane

Umenitumia picha, Mpingwa, za huko uliko:
ngazi zinazopanda zenyewe,
watu wamesimama upande mmoja kama waliopangwa na refa,
ukuta wa vigae vya buluu, mtu anapuliza zumari konani
na kofia yake sakafuni imefumbua kinywa.
"Shangazi, huku treni hupita chini ya ardhi."

Sawa. Na hapa Mtama
yetu nayo imo chini ya ardhi.

Imo chini ya mihogo ya mama yako,
lile tuta lililonyooka kuliko matuta yote ya kijiji,
ambalo hatukulilima sisi.
Jembe likigonga kokoto, mama yako husema "hodi",
kisha husogea hatua mbili, akapanda mbaazi.

Babu yako Chinguile aliitandika.
Watu kumi na wawili chuma kimoja, begani,
Wamwera, Wamakonde, Wayao,
na Mmakua mmoja wa kuwaimbisha
ili mguu usipishane na mguu.
Zitapita karanga hapa, waliambiwa, nyingi kama mchanga.
Karanga zikagoma kuota.
Zikapita mbao, barua, magunia mawili matatu ya ufuta,
na mwanamke aliyejifungulia behewani kabla ya Ruo,
akamwita mwanawe Stesheni. Unamjua:
ndiye yule wa mashine ya kukoboa, Nyangao,
anayekopesha pumba na hasahau.

Babu yako hakuipanda hata siku moja.
Nauli ilikuwa bei ya shati, na shati alikuwa hana.
Kisha wakamwita tena, mtarimbo uleule,
safari hii kung'oa.
Aliyetandika ndiye aliyetandua,
kama mkeka wa matanga
watu wakishakula, wakishatawanyika.

Lakini chuma hakiondoki chote.
Msumari wa reli ndio tuliofungia mbuzi.
Taruma likawa jiko la Bi Somoe,
likala moto wa vitumbua miaka hamsini
bila kupinda.
Nandonde, mchonga vinyago, aliichonga treni kwa mpingo
naye hakuwahi kuiona;
akaipa chale mashavuni na ndonya mdomoni.
Akaulizwa mbona hivyo.
"Si ilizaliwa huku?" akasema, akaendelea kupiga msasa.
Sisi watoto tuliichora kwa mkaa ukutani mwa ghala:
jongoo, jongoo mwenye madirisha.

Na kipande kimoja, urefu wa mkono,
kikaning'inizwa shuleni kwenye mkorosho.
Nilikuwa kiranja wa kengele, darasa la sita,
nyundo yangu bolti ya daraja.
Saa moja na nusu: ngaa. Ngaa. Ngaa.
Na watoto wakaja mbio kutoka bondeni, viatu mkononi,
kama abiria wanaoachwa.
Mkono wangu uliwaka mpaka begani.
Sijawahi tena kuwa na cheo kikubwa hivyo.

Mwaka juzi walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu
na pikipiki ya matairi matatu, na mizani ya ndoano.
Wakakishusha, wakakipima mbele ya kamati.
Kilo kumi na nane.
Mwenyekiti akaandika hesabu kiganjani kwa kalamu,
akaipuliza ikauke.
Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Filimbi, alisema,
filimbi siku hizi ni rahisi.

Nikataja bei yangu.
Sikutaja historia, wala babu yako.
Nilifungua ncha ya kanga nikatoa hela za korosho,
zile nilizokwambia nimenunulia bati.

Ndiyo maana jikoni bado kunavuja.
Usimwambie mama yako.

Unauliza kwa mzaha, treni yetu hupita saa ngapi.
Saa moja na nusu, siku za shule.
Jumamosi haipiti.