Mbegu Kwenye Daftari la Lusajo

Mwaka jana nilikamua za dukani,
chotara, pakiti yenye picha inayong'aa.
Zikaota kama watoto wa baba mbalimbali:
huyu mrefu, huyu mfupi,
huyu kazaa vinyanya vichachu, saizi ya gololi.
Mwakalinga wa duka la pembejeo akacheka:
"Chotara hairithishi, mama. Rudi ununue."

Hizi ni za Tupokigwe, mama mkwe.
Nyanya zenye makunyanzi, nyufa begani,
hazifiki Mwanjelwa bila kupasuka.
Nimeziacha kikombeni siku tatu
zikanuka kama pombe iliyosahauliwa,
nikasuuza, nikaanika
juu ya daftari la hisabati la mwanangu.
Jua la Juni hapa Tukuyu ni mgeni wa mlangoni:
linabisha hodi, ukungu unalijibu.

Zimegandia ukurasani. Kubandua nimeshindwa.
Basi mvua zikija nitachana karatasi,
nizike vipande na hesabu zake,
saba mara nane, hamsini na nne,
na mkasi mwekundu wa mwalimu.

Tupokigwe naye hakuijua saba mara nane.
Kila msimu aliingia shambani mapema, kabla yetu,
akafunga uzi kwenye nyanya moja.
Alijua tu
ipi isiliwe.