Nasoma Mita Langoni

Mita ya kwanza iko nyuma ya punda.
Si punda wa kweli. Wa kweli amefungwa mkabala,
anamtazama mwenziwe wa rangi kwa dharau.
Shekuwe alimchora mwaka jana, usiku tatu,
kwa rangi iliyobaki zahanati ilipopakwa,
ndiyo maana ana tumbo la kijani la hospitali
na jicho moja tu: kopo lilikwisha.
Mwenye nyumba aliapa atamfuta kwa chokaa.
Sasa akielekeza wageni husema,
"Ukifika kwa punda, pinda."

Nainama. Napangusa utando wa buibui kwenye kioo.
Uniti kumi na mbili. Naandika.

Miaka kumi na tisa nautembea mtaa huu kichwa chini,
kwani mita ziko chini, magotini pa nyumba,
na kuta nazijua kwa miguu yake:
hapa matumbawe yametokeza kama mbavu,
hapa mtoto amechora kwa mkaa goli, kipa,
na mpira mkubwa kuliko kipa;
hapa herufi za chuoni, alifu imesimama vyema,
be imelala chali, nukta imeimwagika.
Hapa pameandikwa USIKOJOE HAPA
na chini yake, kwa mkono mwingine:
Na wewe usiandike.

Ukitaka alama za mtaa, usiniulize ngome.
Ngome kila mtu anaijua.
Mimi nitakuambia baraza lenye bao lililochimbwa kwenye saruji,
kete zimepotea, huchezwa kwa vifungo vya shati;
kisha kichochoro ambacho bega moja hupita
na la pili husubiri;
kisha taa inayowaka mchana tu.
Hapo umefika kwa Bi Mwanamkuu.

Bi Mwanamkuu anaishi peke yake.
Mtu mmoja, sufuria moja, udhu mara tano,
na mita yake inakimbia kama ya nyumba ya harusi.
Uniti thelathini na nne.
Mwezi uliopita thelathini na moja.
Nikamwambia, Bi, bomba lako linavuja.
Akacheka mpaka akashika mlango.
"Halivuyi, mwanangu. Ndoo."
Nikageuka kutafuta ndoo.
Miaka kumi na tisa, na masikio yangu bado ya Malindi:
mwenzangu ananiita, "njoo", mimi natafuta chombo.

Nyuma ya jiko kuna tundu, na nyuma ya tundu gofu
la nyumba iliyohamwa kabla sijazaliwa.
Dari hakuna. Zidaka zote zipo ukutani,
safu juu ya safu, zilimokaa sahani za Uchina,
na kila kidaka kimepata mpangaji:
mrehani, mrehani tena, asumini ndani ya kopo la samli,
kitu chenye miba ambacho hata yeye hakijui jina.
Mkilua umeegemea nguzo kama mgeni aliyeshiba.
Mkomamanga una komamanga moja,
limevishwa soksi kwa sababu ya popo.

Na kwenye lipu, pale ilipobaki,
mtu wa zamani alikwaruza mkono wake kwa msumari:
vidole vitano, kimoja kina pete.
Bi Mwanamkuu akauminia maji kwa kata.
"Mkono hunu nao una nyota."
Nyota kwao ni kiu.
Safari hii sikutazama juu.

Kitabu cha kampuni kina safu nne:
jina, namba, ya jana, ya leo.
Nilikipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo.
"Andika zote," akasema, "sitaki sadaka ya mayi."
Nikaandika thelathini na nne, maana ndizo,
na kalamu ikanukia mrehani hadi Ijumaa.

Nikirudi, Shekuwe yuko kwa punda na kopo dogo.
Jicho la pili amelipata.
Ameliweka chini kidogo, si mahali pake hasa.
Linatazama mita.